Malindi na Mombasa

Msomaji, ukitazama ramani ya pwani yetu utaona kwamba kutoka Mombasa hadi Malindi si mwendo mrefu kwa jahazi lenye upepo mwema. Hapo kale wenyeji wa miji hii miwili walikuwa watu wa lugha moja na dini moja. Vyombo vilivyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi vilileta nguo na shanga, navyo viliporejea na kusi vilichukua pembe za ndovu. Kila mji ulitaka chombo kitie nanga kwake, kisipite kwenda kwa jirani. Hapo ndipo husuda ilipoingia.

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alifika Mombasa, asiaminiwe. Siku chache baadaye alifika Malindi, akakaribishwa vizuri na kupewa rubani wa kumwongoza hadi Bara Hindi. Usidhani kuwa mfalme wa Malindi alikuwa mjinga. Mombasa ilimzidi nguvu, naye alitafuta rafiki mwenye mizinga. Wareno wakaiteketeza Mombasa mwaka 1505, wakaishambulia tena 1528 na 1589.

Je, Malindi ilipata faida gani? Baada ya Mombasa kushindwa, mtawala wa Malindi alipewa mji huo, akahamia huko. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu kisiwani Mombasa, maana bandari yake ilikuwa bora kuliko ya Malindi. Biashara ikaifuata ngome, na Malindi ikafifia. Wala urafiki haukudumu. Sultani Hasan wa ukoo huo wa Malindi aligombana na Wareno, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf akawaasi na kuitwaa ngome mwaka 1631. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Lakini bandari jirani zaweza pia kusaidiana. Tangu 1948 Mombasa, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa chini ya uendeshaji wa pamoja, hata Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Leo Mombasa na Dar es Salaam zashindania mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo. Kushindana si kosa, kwani humhimiza mwenye bandari kupakua shehena upesi. Basi wewe, utakayekuwa karani, nahodha au waziri kesho, mshinde jirani yako kwa kazi njema, wala usimwite mgeni aje kuibomoa nyumba yake; maana ukuta wake ndio ukuta wako.