Upepo wa Turkana: Nyaya zilichelewa, bili ikawahi

Mnamo Machi 2017, kinu cha mwisho kati ya vinu 365 kilisimamishwa kwenye nyanda za mawe kusini mashariki mwa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit. Megawati 310 zilikuwa tayari. Kilichokosekana ni waya. Laini ya kilomita 428 iliyopaswa kuupeleka umeme huo hadi Suswa, Narok, haikuwa imekamilika, na mkandarasi wake kutoka Uhispania alikuwa hoi kifedha. Upepo ukavuma zaidi ya mwaka mzima bila kuwasha balbu hata moja Nairobi. Malipo, hata hivyo, yalikuwa yameshaanza kuhesabiwa.

Kenya haikuanzia Turkana kuvuna upepo. Mwaka 1993 vinu viwili, msaada wa serikali ya Ubelgiji, viliwekwa kwenye vilima vya Ngong. KenGen, kampuni ya taifa ya kuzalisha umeme, ikaja kuongeza vingine mwaka 2009, na kufikia 2015 Ngong ilikuwa na megawati 25.5. Huko hakuna aliyegombana na mwenzake juu ya gharama ya nyaya, kwa sababu Nairobi iko hapo chini na gridi ilikuwa jirani.

Turkana ni habari nyingine. Upepo unaotoka kusini mashariki hubanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru, kisha hutoka kwa kasi ambayo wastani wake ni kama mita 11 kwa sekunde. Nyumba za kienyeji za Loiyangalani ni fupi, za mviringo, zimefunikwa makuti na kukazwa kwa kamba, na aliyewahi kulala hapo anajua sababu. Waanzilishi wa mradi husimulia kwamba mmoja wao, Mholanzi Willem Dolleman, alipata wazo hilo baada ya safari za kuvua samaki ziwani, ambako mahema yao hayakudumu. Upepo wa aina hiyo ni adimu duniani. Bahati mbaya ni kwamba uko mbali na kila kiwanda, kila mji mkubwa na kila nguzo ya gridi ya taifa.

Mkataba wa mauzo ulitiwa saini 2010. Kenya Power, kampuni inayouza umeme kwa wananchi, ingenunua umeme wote kwa miaka 20, kwa bei ya takriban senti 7.52 za yuro kwa uniti. Bei hiyo ilikuwa nafuu ukiilinganisha na mitambo ya dizeli iliyokuwa ikitufilisi kila mvua zikikosekana na mabwawa ya umeme yakapungua. Jambo lililopita bila kelele ni sharti la kulipa hata usiponunua: mwenye vinu akiwa tayari kuzalisha na mnunuzi akashindwa kupokea, mnunuzi analipa vilevile. Mwekezaji anayekopa mamilioni ya yuro hawezi kukubali pungufu ya hapo, na sioni kosa lake.

Kosa liko kwenye laini. Mpango wa awali ulikuwa kampuni ya upepo, Lake Turkana Wind Power, ijenge nyaya yenyewe. Serikali ikaamua kuichukua kazi hiyo na kuikabidhi KETRACO, shirika la usafirishaji umeme lililoundwa 2008, kwa mkopo nafuu wa yuro milioni 55 kutoka Uhispania pamoja na fedha za Hazina. Kandarasi ikaenda kwa Isolux Corsán, ya huko huko Uhispania. Hoja ya serikali haikuwa mbaya: laini kuu ni mali ya umma, kama barabara, na kesho itabeba umeme wa wengine pia. Lakini kwa uamuzi huo Kenya iliahidi mambo mawili kwa mpigo. Iliahidi kununua upepo kuanzia tarehe fulani, na iliahidi kwamba waya utakuwa umefika kabla ya tarehe hiyo. La pili likivunjika, la kwanza halisubiri.

Wapo walioliona mapema. Benki ya Dunia ilijitoa 2012, ikisema Kenya Power ingejikuta inalipia umeme isiouhitaji. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikabaki kuongoza wakopeshaji, lakini nayo haikuingia kichwa kichwa. Kupitia mfuko wake wa maendeleo ilitoa dhamana ya yuro milioni 20 ya kuwakinga wakopeshaji endapo laini ingechelewa. Hebu tulia hapo kidogo. Kabla shimo la nguzo ya kwanza halijachimbwa, wenye mabenki walikuwa wameshajikatia bima ya kuchelewa kwake. Mwananchi hakukatiwa.

Rais Uhuru Kenyatta aliweka jiwe la msingi Julai 2015. Malori yakapiga zaidi ya safari 2,000 kutoka bandari ya Mombasa, na barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ikatengenezwa, Uholanzi ikichangia. Upande wa vinu kazi ilikwenda kwa saa. Upande wa laini, fidia za wenye mashamba ya kupitishia nyaya zikawa mvutano usiokwisha, kisha 2017 Isolux ikafilisika. Kampuni za China zikaletwa mwanzoni mwa 2018 kumalizia, na Septemba mwaka huo umeme ukapita. Google, iliyokuwa imekubali kununua sehemu ya hisa za mradi, ilijitoa baadaye kwa sababu ya ucheleweshaji huo.

Na bili? Serikali ilikubali kulipa karibu shilingi bilioni 5.7 taslimu, na deni lililosalia likaingizwa kwenye bei ya uniti kwa miaka kadhaa. Yaani faini ya nguzo zilizochelewa ilikatwa vipande vidogo vidogo na kugawiwa kila nyumba yenye mita, kwa muuza samaki wa Kisumu na kinyozi wa Githurai.

Vipande hivyo huvioni ukinunua tokeni. Ujumbe unaoingia kwenye simu hutaja uniti ulizopata, kisha msururu wa makato: mafuta, mfumko wa bei, ushuru wa VAT, tozo ya umeme wa vijijini. Katikati yake pana mstari wa marekebisho ya fedha za kigeni. Huo ndio unaobeba mikataba kama ya Turkana, iliyoandikwa kwa yuro wakati sisi tunalipwa kwa shilingi. Shilingi ikiteleza, uniti inapungua, ingawa upepo wa Marsabit haujapanda bei.

Kuna waliolipa kwa njia nyingine. Ardhi ya mradi ni ekari 150,000, malisho ya Warendille, Wasamburu, Waturkana na Waelmolo. Wakazi walikwenda mahakamani 2014, na Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hatimiliki zilitolewa bila kufuata sheria. Wakati kesi ikiendelea, umeme ulikuwa ukipita juu ya vichwa vya wafugaji kuelekea Suswa. Nyaya za kilovolti 400 hazishuki kijijini bila kituo cha kupooza, na kituo ni gharama ambayo mkataba haukumtwika mtu.

Kipeto, Kajiado, walifanya tofauti. Mradi huo wa megawati 100, ulioanza kazi 2021, ulijijengea laini ya kilomita 17 hadi Isinya na kuikabidhi KETRACO, na wenye ardhi Wamaasai hulipwa kodi ya mashamba yao. Najua kilomita 17 si 428, na mwekezaji akijenga waya gharama bado itarudi kwenye bei. Ila angalau aliyebeba hasara ya kuchelewa ni yule yule aliyeshika ratiba. Ningekuwa serikalini 2010, hilo pekee lingenitosha kuacha mpango wa awali ulivyokuwa.

Mjadala wa nani ajenge nyaya umerudi kwa sura nyingine. Oktoba 2024 KETRACO ilitia saini na kampuni ya Adani ya India mkataba wa miaka 30, wa dola milioni 736, ijenge laini na vituo kisha ijirudishie fedha zake. Mwezi uliofuata Rais William Ruto akaufuta, baada ya Marekani kumshtaki mwenye kampuni kwa tuhuma za hongo. Haja ya nyaya haikufutwa, na Hazina bado haina fedha za kuzijenga peke yake. Mkataba mwingine wa aina hiyo utakapofikishwa bungeni, wabunge waanzie ukurasa unaotaja malipo yanaanza siku gani na kwa sarafu ipi, kabla ya kusoma ule wenye idadi ya megawati.