Filia na Usuhuba

Wayunani wa kale walikuwa na neno filia, ambalo Aristotle alilitengea vitabu viwili vizima, cha nane na cha tisa, katika risala yake ya maadili, akalieneza juu ya mapenzi ya jamaa, ya raia wa mji mmoja, na hata ya mabaharia wa chombo kimoja. Mfasiri wa Kiswahili hukuta maneno matatu yakimngoja: mahaba, ambayo Waarabu huyatumia kwa upendo wa kila namna, lakini sisi tumekwisha kuyaachia wapendanao, urafiki, ambao asili yake ni kuandamana safarini, nao leo hutosha hata kwa watu waliojuana jana, na usuhuba, ninaouchagua mimi, kwa kuwa ndani yake mna kukaa pamoja kwa dahari.

Kwa hesabu ya mwanafalsafa huyo, usuhuba ni wa manufaa, au wa starehe, au wa wema, na katika huu wa mwisho mtu humtakia mwenzake heri kwa ajili ya nafsi ya mwenzake. Mkulima wa Magamba, huku Mpanda, aliyezoea kuazimana maksai na jirani yake, kisha jirani akapata trekta asibishe hodi tena, humwita haini; lakini akiisha kuisoma elimu hii hutambua kwamba walifungwa na manufaa tu, na kwamba lawama nyingi huzaliwa pale ambapo mmoja alidhani wema na mwingine alikusudia faida. Hasira humtoka, na badala yake huja swali zito zaidi: ni nani aliyempenda yeye bila kumhitaji?

Aristotle asema pia kwamba wenye usuhuba hawana haja ya haki, bali wenye haki bado wauhitaji usuhuba. Maneno hayo nayaona Katumba, katika mkoa huu wa Katavi, walikokaribishwa watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, ambao wengi wao serikali iliwapa uraia miaka mingi baadaye. Uraia ni haki, nayo ni haki adhimu. Kualikana harusini na kuchimbiana makaburi hakuna sheria iwezayo kukuamuru.

Neno langu lina upungufu mmoja: haliwafai mzazi na mwanawe, ambao nao Aristotle aliwatia katika filia. Hapo mfasiri na aandike mapenzi.