Kitambaa Cheupe Mansfield

Kila Desemba jamii yetu ya Dallas, Fort Worth na Houston inapokutana kuadhimisha Uhuru, hotuba hutukumbusha 1961, Mwalimu Nyerere na Muungano. Ni sawa. Lakini wengi wetu tunaoishi Mansfield na miji ya jirani, wauguzi, madereva wa malori, wahasibu, historia ya nchi yetu tuliisikia kwanza redioni, ikiimbwa. Ndiyo maana tumeomba ukurasa huu kwa ajili ya wanamuziki waliotutoka, na kwa ajili ya usiku ule tuliowaona kwa macho yetu.

Tuanze na Mzee Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyoanzishwa 1964. Wanamuziki walikuwa waajiriwa wa mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Chama kilipogeuka JUWATA, na baadaye OTTU, bendi nayo ilibadili jina, lakini wapenzi walishika jina la mtindo tu: Msondo. Mwaka 1978 Gurumo, Hassan Bitchuka na wenzao walihamia Mlimani Park, na huko ukazaliwa mtindo wa Sikinde. Akaenda tena Orchestra Safari Sound, kisha akarudi Msondo alikoanzia. Kwa hiyo ubishi wa Msondo na Sikinde, ambao umevuka bahari na kufika Texas mzima kabisa, mara nyingi ni ubishi wa mtu mmoja na nafsi yake. Marehemu Shaaban Dede, aliyefariki Julai 2017, naye aliimba pande zote mbili.

Usijaribu kuwaeleza hivyo wenzetu wa Houston. Wao ni Sikinde watupu. Wengi wametutangulia kwa umri, na walikwenda DDC Kariakoo wakiwa vijana wenye mashati ya kuazima. Wanakumbuka nani alisimama kushoto kwa jukwaa, nani alitunzwa noti kwenye paji la uso, na basi gani walilikosa alfajiri wakarudi Temeke kwa miguu. Sisi wa Mansfield tulio katika miaka ya arobaini tulizikuta bendi hizo zikiwa zimezeeka. Zama zetu zilikuwa za Twanga Pepeta, na za sauti ya Banza Stone, aliyefariki Julai 2015. Baada ya hapo ikaja Bongo Fleva. Albert Mangwea alipofia Afrika Kusini Mei 2013, tulitazama kwenye simu umati uliomuaga Leaders Club, Kinondoni, kabla hajapelekwa Morogoro kuzikwa. Mwezi mmoja kabla yake, Aprili, wenzetu wa Zanzibar walikuwa wamempoteza Bi Kidude.

Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013. Alikuwa ameimba zaidi ya miaka 50 na hakuwa na gari. Kijana Diamond Platnumz ndiye aliyemzawadia. Tulifurahi, na tuliona haya vilevile. Alifariki Aprili 13, 2014, na baadhi yetu tuliipata tanzia hiyo kwenye simu tukitoka zamu.

Umaskini ule una historia yake. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, zilichapwa Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, njia hiyo ikazibika. Studio ikawa ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ilirekodi, kanda ikabaki redioni, wimbo ukapigwa nchi nzima kwa miaka, na mtunzi akarudi ukumbini Jumamosi kutafuta ugali. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja 1999, wakati wengi wa watunzi hao walikuwa wameshazeeka au kuzikwa. Marijani Rajab, Jabali la Muziki, alifariki 1995. Hakuiona.

Wapo wawili tunaowafikiria zaidi tangu tuhamie huku. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy, na baadaye akang'ara na Super Matimila. Alifariki Desemba 13, 2010, siku nne baada ya sikukuu ya Uhuru. Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Mgeni gani anapewa kituo cha daladala! Sisi wauguzi tunamkumbuka pia kwa Mambo kwa Soksi, wimbo wa kuhimiza kondomu ambao Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Tumekaa darasani Marekani kufundishwa namna ya kuzungumza na mgonjwa juu ya kinga, na bado maneno hutukwama kooni. Yeye aliyasema kwa gitaa, watu wakicheza.

Wa pili ni King Kiki, Kikumbi Mwanza Mpango, mtu wa Lubumbashi. Alikuja Tanzania miaka ya 1970, akapitia bendi kadhaa, Maquis ikiwa mojawapo, hakuondoka tena. Alifariki Dar es Salaam Novemba 15, 2024. Wote wawili walikuja na lafudhi zao, na hatukumbuki mtu akiidai dansi yao pasipoti. Sisi tunaoulizwa kila siku hapa tunatoka wapi, mara tu tunapofungua mdomo, tunalipima jambo hilo kwa namna ambayo hatukuweza kulipima tukiwa nyumbani.

Sherehe ya mwaka huo ilikuja wiki chache tu baada ya msiba wake. DJ, kijana aliyezaliwa Texas, aliweka Kitambaa Cheupe kwa ombi la akina mama. Katika kumbi za Dar wimbo huo ukipigwa, leso nyeupe hupaa juu. Hapa nani anatembea na leso? Watu wakachukua karatasi za kufutia mikono zilizokuwa karibu na pilau, ukumbi mzima ukawa mweupe. Watoto wetu walitutazama kama tumepatwa na kitu.

Tangu usiku huo tumefungua daftari. Kila aliyewahi kuingia ukumbi wowote anaandika: bendi, ukumbi, mwaka, nani aliimba. Kanda za redio zinahifadhi nyimbo. Usiku wenyewe haukurekodiwa na mtu, na waliokuwapo wanapungua, hapa na nyumbani. Daftari litakuwa mezani pa usajili siku ya sherehe. Mwenye tiketi au picha ya zamani aje nayo. Ukurasa wa nne una ugomvi juu ya nani alipiga solo Vijana Kinondoni usiku mmoja wa Idi, na Houston wameahidi kuleta mashahidi wawili.