Michezo Iliyochelewa Kufika

Mtoto wa miaka ya 1970 pale Visiga, kando ya Barabara ya Morogoro, angeuonea wapi mchezo wa kompyuta? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuendesha hesabu za serikali kwa mashine kula fedha nyingi na kuleta vurugu. Televisheni nazo zilizuiwa. Mchezo wa Tetris ukatoka Moscow 1984, na wa Prince of Persia ukatoka Marekani 1989. Huku watu wakaendelea na bao na karata, wala hawakuonekana kupungukiwa.

Amri ilipolegezwa miaka ya 1990, michezo hiyo ikaanza kuingia, mingine ndani ya mashine za mitumba. Ilifika ikiwa tayari imezeeka.

Kuifufua leo kunataka ufundi. Windows ya biti 64 haikubali kabisa programu za biti 16, ndiyo maana DOSBox, iliyotoka 2002, huigiza kompyuta nzima ya zamani pamoja na kadi yake ya sauti. Kasi nayo hupunguzwa: baadhi ya michezo ilihesabu muda kwa mwendo wa prosesa, na kwenye mashine mpya adui anakumaliza kabla hujagusa kitufe.

Pinboli ya Windows XP ina mkasa wake. Microsoft walipoihamishia kwenye biti 64, mpira ulipenya vizuizi kana kwamba havipo. Chanzo cha hitilafu hakikuonekana, mchezo ukaondolewa.

Jordan Mechner, mtunzi wa Prince of Persia, alibahatika zaidi: mwaka 2012 diski za msimbo wa mchezo huo, zilizodhaniwa kupotea, zilipatikana, akauweka msimbo huo wazi kwa yeyote.