Kilatini kilichopunguzwa, Kiswahili kilichosanifiwa

Mwaka 1903 mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Turin, Giuseppe Peano, alichapisha makala katika jarida lake la hisabati. Ilianza kwa Kilatini fasaha, kile cha wanazuoni na mapadri. Baada ya aya chache akaeleza kwamba miisho ya maneno inayoonyesha nani kafanya na nani kafanyiwa haina kazi pale penye vihusishi. Alipokwisha kueleza, akaiacha, na sentensi zilizofuata akaziandika bila ya miisho hiyo. Kila aliponyooshea kidole kipengele cha sarufi kuwa ni mzigo, alikitua palepale na kuendelea na safari. Msomaji aliyeanza na lugha ya Cicero akajikuta mwishoni yumo ndani ya lugha mpya, na anaielewa. Makala nyingi za sarufi hueleza tu. Hii ilitenda ilichokuwa inakisema.

Lugha hiyo aliiita Latino sine flexione, yaani Kilatini kisichonyambulika. Chukua neno rosa, ua la waridi. Katika Kilatini cha kale hugeuka rosae, rosam, rosarum, rosis, kutegemea limekaa wapi katika sentensi na ni mawaridi mangapi. Peano alichagua umbo moja, rosa, basi. Jinsia za nomino zikafutwa. Vitenzi navyo vikavuliwa nyakati: ukishasema "jana", kwa nini kitenzi nacho kirudie habari ileile? Mengi ya mawazo haya aliyakuta kwa Leibniz, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyefariki 1716. Mwaka 1908 akatoa toleo la mwisho la kitabu chake kikubwa, Formulario Mathematico, kwa Kilatini hichohicho cha kupunguzwa. Alipofariki mwaka 1932, lugha yake ilikuwa na sarufi nyepesi kuliko zote na wasemaji wa kuhesabika.

Sisi wa Maskati tunaotumia Kiswahili majumbani, Al Khoudh, Mabela na kwengineko, tuna sababu ya kuisoma habari hii kwa makini, kwani Kiswahili nacho kilipata kuketishwa mezani, kikapimwa na kukatwa. Na mlango wa kufikia meza hiyo, kwa namna fulani, ulifunguliwa na mtawala wetu wenyewe.

Mapema mwaka 1844 mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Unguja. Seyyid Said bin Sultan, aliyekuwa akitawala Oman na mwambao wote ule, alimpokea vizuri na kumwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Krapf akenda Mombasa, akajifunza Kimvita, na mwaka 1850 akachapisha huko Tübingen kitabu cha sarufi ya Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wakati huo Kiswahili kilikuwa na karne kadhaa za kuandikwa kwa herufi za Kiarabu: barua, hesabu za biashara, tenzi ndefu za mafundisho. Krapf aliyaona hayo yote. Sababu yake ya kuzikwepa herufi za Kiarabu haikuwa ya sauti peke yake. Aliona wazi kwamba herufi za Kilatini zingeuwekea Uislamu kizuizi. Sijui kama Seyyid Said angeiandika barua ile lau angeliona kitabu kwanza.

Tuwe waadilifu lakini. Herufi za Kiarabu kama zilivyo zina alama tatu za irabu, na Kiswahili kina irabu tano. P, v na ch hazina makao. Aliyezoea husoma kwa mazoea, na mgeni hutapatapa. Kasoro hiyo ilikuwa na dawa, na dawa ilipikwa palepale Mombasa. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, wa ukoo uliotoka Oman na kuitawala Mombasa mpaka 1837, alikaa chini katika karne ya ishirini akazirekebisha herufi hizo, akaongeza alama kwa sauti zilizokosekana. Ni mtu aliyeendesha gazeti, Al-Islah, mwaka 1932, kwa hiyo alijua kuandika kunataka nini. Kazi yake kwa ubora ilistahili kufika kila chuo cha pwani. Ila ilikuja wakati serikali ya kikoloni imeshaagiza vitabu vyake kwa herufi nyengine.

Turudi nyuma kidogo. Edward Steere wa misheni ya UMCA aliingia Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja. Sasa palikuwa na Viswahili viwili vya kimisheni: wa Mombasa wanashikilia Kimvita cha Krapf, wa Unguja wanashikilia Kiunguja cha Steere, kila upande na Biblia zake. Mabishano yalikwisha mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa uliohudhuriwa pia na Carl Meinhof, bingwa wa Kijerumani wa lugha za Kibantu. Wakakutana Mombasa, wakachagua lugha ya Unguja! Watu wa Mvita hawajaacha kulisema jambo hilo mpaka leo.

Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson, na wenye lugha hawakuwa na kiti. Kamati ikapanga tahajia, ikaamua neno lipi liandikwe pamoja na lipi litengwe, ikakagua miswada ya vitabu vya shule na kuvipa idhini vilivyopita. Mwaka 1939 zikatoka kamusi zake. Kwa ufundi, kazi ya Johnson na ya Peano zinafanana mno: kuchukua lugha yenye sura nyingi na kuiachia sura moja. Kilichowatenganisha ni kwamba Johnson alikuwa na idara za elimu za nchi nne nyuma yake. Mtoto wa Tabora au Kisumu hakuulizwa kama anaikubali tahajia. Alipewa kitabu.

Waunda lugha wengine waliomfuata Peano au kumtangulia walikosa kitu hichohicho, nguvu ya serikali nyuma yao. Kiesperanto cha Zamenhof, kilichotolewa Warsaw mwaka 1887, kina mizizi mingi ya Kilatini, lakini ujenzi wake Mswahili ataupenda. Sana ni mwenye afya, malsana ni mwenye kuumwa, malsanulejo ni mahali pa wenye kuumwa, yaani hospitali: viambishi vimepangana mbele na nyuma ya mzizi kama vyetu. Mwezi wa Agosti 2024 kongamano la dunia la wasemaji wake, la 109, lilifanyika Arusha, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Interlingua ya mwaka 1951, iliyosimamiwa na Alexander Gode huko New York, ilirudi karibu zaidi na Kilatini, ikapata muda wa kutumiwa kwa mihtasari ya majarida ya udaktari. Ikaishia karibu na hapo.

Maskati ina kinyume cha Peano. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita Waomani warejee, walikuja watu kutoka Unguja, Pemba, bara, hata Burundi na Kongo. Wale waliosoma skuli za Unguja walikuwa wamelelewa na vitabu vya Kamati na waliingia maofisini na ujuzi wao. Watoto wao waliozaliwa hapa wakasoma kwa Kiarabu, na Kiswahili wakakipata jikoni kwa bibi, hewani kwa simu za Zanzibar, na kwenye harusi. Lugha hai kabisa, haina mwalimu, haina kitabu, haina mkaguzi.

Kwa hiyo yamebaki mambo ambayo meza ya 1930 iliyafyeka. Mtu wa hapa husema "tizama" na "n'takuja", hununua boflo, na mtoto wake yuko skuli. Yakija maandishi ndio utamu. Vijana hawa wameandika Kiarabu tangu darasa la kwanza, na kalamu yao ya kawaida hutoka kulia. Lakini katika makundi ya WhatsApp ya ukoo Kiswahili chao kinatoka kwa herufi za Kilatini, za Krapf yule yule, huku kimejaa sauti ambazo sanifu ilizilainisha. Kamati iliandika habari. Wao huandika khabari, na wengine 5abari, kwa tarakimu ambayo vijana wa Kiarabu huitumia badala ya khe. Shangazi aliyesoma Unguja miaka ya hamsini huwajibu kwa tahajia ya Johnson, herufi kwa herufi, na hakuna anayemsahihisha mwenziwe.