Msalaba wa Thomas Eakins

Mwaka 1880 Thomas Eakins, mchoraji na mwalimu wa uchoraji huko Philadelphia, Marekani, alimfunga mwanafunzi wake kwenye msalaba wa mbao, nje, kwenye mwanga wa jua. Alitaka kuona mwili unavyoning'inia. Hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtoto wa mwalimu wa mwandiko, alisoma Paris kwa Gérôme, na alijifunza mifupa na misuli kwa kupasua maiti pamoja na madaktari.

Picha ya Kusulubiwa iliyotokana na kazi ile iliwaudhi wengi. Haina Mariamu, haina askari, haina malaika. Uso umeinama kivulini. Vidole vimejikunja kwa maumivu. Ilisemekana haina ibada. Hapo mimi, mwalimu wa theolojia, hunyamaza kidogo. Sisi Walutheri tunafundisha kwamba Mungu hujulikana katika mateso ya msalaba, kisha misalaba yetu tunaing'arisha hadi mateso yenyewe hayaonekani. Mtu asiyekiri imani yetu alituonyesha Bwana aliyekufa kweli.

Simfanyi mtakatifu. Mwaka 1886 alilazimika kuacha kazi katika chuo cha sanaa, baada ya kumvua nguo ya kiunoni mwanamume aliyekuwa akichorwa, mbele ya wanafunzi wanawake. Lawama dhidi yake hazikuishia hapo, na kupenda picha zake si sababu ya kuzifunika.

Lakini katika darasa lake alipita Henry Ossawa Tanner, kijana mweusi, mwana wa askofu Mmethodisti. Ubaguzi ulimchosha, akahamia Ufaransa. Mwaka 1898 alichora Mariamu akipashwa habari na malaika: binti wa kawaida kabisa, ameketi kitandani, shuka zimevurugika, vidole vya mguu vikichungulia chini ya vazi. Malaika hana mbawa. Ni nguzo ya mwanga tu. Yule binti anaitazama kama mtu aliyeamshwa usiku na bado hajajua ajibu nini. Kutazama namna ile Tanner alifundishwa na Eakins; kuamini alikuta nyumbani kwao.

Mwalimu naye alimchora Tanner, mtu mzima sasa, macho yameelekea chini, anawaza.

Msalaba ule na Mariamu yule leo vimo katika jumba moja la makumbusho, Philadelphia.