Biashara ya tende za kuchemsha, Al Mintirib

Katika Al Mintirib, mji mkuu wa wilaya ya Bidiyah pembezoni mwa jangwa la Sharqiyah nchini Oman, tende za aina ya mabsli huvunwa zingali za manjano, huchemshwa katika masufuria makubwa, kisha huanikwa juani siku kadhaa, kazi iitwayo tabsili, hata zikastahimili safari ndefu ya kwenda India, ambako zamani zilipelekwa kwa majahazi. Mnunuzi wa ng'ambo, asiyeyaona mashamba, hulazimika kutegemea jina jema la muuzaji, kama vile mwenye bidhaa anavyotegemea jina jema la mchukuaji katika mali kauli, yaani bidhaa inayokabidhiwa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Mnadani katika mji wa Nizwa, kinyume chake, tende hukaguliwa papo hapo. Mtandao wa biashara uliobuniwa makusudi na msanii juu ya msingi huohuo wa kuaminiana ni Feral Trade, ulioanzishwa na Kate Rich huko Bristol, Uingereza, mwaka 2003: vyakula, ikiwemo kahawa ya El Salvador, husafiri katika mizigo ya watu wanaofahamiana, na kila hatua ya safari huandikwa wazi, jambo la thamani kubwa kwa mlaji ambaye lebo ya dukani aghalabu haimwelezi lolote kuhusu mkulima wala mchukuzi.